Mpe Mwalimu Wako Cha Kusimulia

Barua dhaifu ya mapendekezo haina tusi hata moja. Inaeleza kwamba mwombaji alisoma katika idara yetu kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, kwamba ni kijana mchapakazi, mwenye nidhamu, anayeelewana na wenzake, na kwamba mwandishi hana pingamizi lolote endapo atapewa nafasi aliyoomba. Saini, muhuri, tarehe. Mwombaji anaipokea kwa shukrani, maana kila neno ni la sifa. Huko inakokwenda, kwenye meza ya kamati yenye maombi mamia, inapitiwa haraka na kuwekwa kando, kwa sababu ingeweza kuandikwa kwa ajili ya mwanafunzi yeyote wa darasa lile.

Barua yenye nguvu ina tukio ndani yake. Mwalimu anasimulia jambo alilokuona ukilifanya, lilitokea lini, na kwa nini halikuwa la kawaida. Akishasimulia, hana haja ya kuapa kwamba wewe ni hodari. Kwa hiyo ukitaka barua ya aina hiyo, kazi yako haianzi wiki unayojaza fomu ya ufadhili. Inaanza mwaka wa pili, pengine wa kwanza, kwa kufanya sayansi kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuiona na kuikumbuka.

Fikiria kamati inacho nini tayari. Ina matokeo yako, ina GPA, ina cheti. Barua inayorudia kwamba ulipata A kwenye kemia haijaongeza kitu. Wanachotaka kujua ni kile ambacho karatasi ya matokeo haiwezi kukisema: huyu akiachwa peke yake na tatizo ambalo jibu lake halimo kitabuni, atafanyaje? Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya huambatanisha fomu ya mtandaoni ambamo mwalimu anatakiwa kukulinganisha na wanafunzi wote aliowafundisha kwa miaka kadhaa: je, uko katika asilimia 5 ya juu, 10, au 25? Anaulizwa kuhusu ubunifu, uwezo wa utafiti, uandishi, ushirikiano. Mara nyingi kuna kisanduku cha mwisho cha kusema kwamba hana msingi wa kupima. Mwalimu mkweli atakitia alama hicho kama alichowahi kuona kwako ni uso tu, safu ya nyuma, ukumbi wa watu mia tatu.

Mfano mzuri ninaoufahamu wa pendekezo la kisayansi ni wa mwaka 1831. John Stevens Henslow, profesa wa botania Cambridge, aliulizwa kama anamjua kijana wa kusafiri na meli ya Beagle akiwa mtaalamu wa viumbe. Akamtaja Charles Darwin, mwenye umri wa miaka 22 na shahada ya kawaida isiyo ya daraja la heshima. Katika barua ya Agosti 24 aliyomwandikia Darwin kumpa habari hiyo, Henslow alimweleza bila kuficha kwamba hakumpendekeza kama mtaalamu aliyekamilika, bali kama mtu anayefaa vizuri kwa kukusanya, kuangalia na kuandika chochote chenye thamani ya kuandikwa. Ni vitenzi vitatu tu. Hakuna "bingwa", hakuna "kipaji cha pekee". Henslow aliweza kusema hivyo kwa sababu Darwin alifuatana naye matembezini mara nyingi kiasi kwamba watu wa Cambridge walimjua kama yule anayetembea na Henslow. Alikuwa amemwona akikusanya na akichunguza. Na kule kukiri kwamba kijana bado hajakamilika hakukumharibia. Kulifanya yale mengine yaaminike.

Daftari, swali na namba zinazokataa

Anza na daftari, maana halihitaji kipaji. Kila siku ya kazi iwe na tarehe, saa, jina la aliyepima, kifaa kilichotumika na hali ilivyokuwa. Andika kwa wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaoliacha kosa lisomeke, kisha andika sahihi pembeni. Usifute, usichane ukurasa. Umeme ukikatika usiku na jokofu la sampuli likazima, andika ulikatika saa ngapi, ulirudi saa ngapi, na ulipofungua jokofu kipimajoto kilisoma nyuzi ngapi. Wanafunzi wengi huandika vipimo kwenye vipande vya karatasi, kiganjani au kwenye simu, wakijiahidi kuvihamishia daftarini jioni. Jioni hiyo ndiyo inayozaa namba za kukumbuka badala ya namba za kupima. Msimamizi akipita bila taarifa, akafungua daftari lako na kuelewa ulichofanya Jumanne iliyopita bila kukuuliza, tayari ana sentensi mbili za barua.

Swali ni gumu zaidi, kwa sababu tumelelewa kuliogopa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa, na kawaida walisubiri yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inaisha, akaingiza yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alilileta swali tena na akachekwa tena. Daktari Denis Osborne wa idara ya fizikia ya chuo cha Dar es Salaam alipotembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza mbele ya wote kwa nini maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, na wenzake wakaangua kicheko.

Mwanafunzi anayetafuta barua azingatie kilichotangulia swali lile. Mpemba alikuwa amezungumza na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba wao huweka yakiwa ya moto kwa makusudi. Tena aliwahi kuikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akajaza vyombo viwili vidogo, kimoja maji ya bomba na kingine maji ya moto, akavitia kwenye jokofu na kurudi kuangalia baada ya saa moja. Hakumwendea mgeni akiwa na dhana tupu. Swali la mtu aliyekwishajaribu husikika tofauti hata kama ukumbi mzima unacheka, na Osborne alilichukua hadi Dar es Salaam. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Wataalamu bado wanabishana juu ya jambo lenyewe. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuona ushahidi wa maana kwamba athari hiyo ipo. Hilo halimwondolei Mpemba chochote tunachokizungumzia hapa. Anayeandika barua hasemi kama ulipatia, anasema ulivyotafuta.

Kisa hicho kina mkia ambao hausimuliwi sana. Osborne alipomwomba fundi sanifu wa maabara kurudia jaribio, fundi alileta taarifa kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kulirudia hadi wapate matokeo sahihi. Osborne mwenyewe aliliandika hilo kwenye makala, kwa utani wa upole. Lakini fundi alikuwa amesema kwa sauti kile ambacho wengi wetu hukifanya kimyakimya: kurudia kipimo mpaka kikubaliane na tulichoamini tangu mwanzo, halafu kuacha.

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa naamini barua bora huzaliwa siku namba zinapokataa. Tuseme umekwenda kwenye kituo cha utafiti cha Ifakara kwa mafunzo ya vitendo na kazi yako ni kuhesabu mbu walionaswa usiku kwenye mitego ya taa. Asubuhi moja mtego mmoja unaleta mbu wachache mno. Mwanafunzi wa kwanza ataiacha namba hiyo nje ya jedwali kwa kuwa "haiendani". Wa pili ataiingiza kama ilivyo na kunyamaza. Wa tatu atarudi kwenye nyumba ile, atakuta betri ya mtego imeishiwa nguvu, atafungua daftari na kugundua kwamba betri hiyo hiyo ilikuwa kwenye mtego mwingine siku mbili kabla, kisha atamwendea msimamizi kabla hajaulizwa: namba hizi mbili siziamini, na sababu ni hii. Amepoteza data za usiku mbili. Msimamizi, kwa upande wake, amepata kitu ambacho hawezi kukisoma kwenye GPA, yaani ushahidi kwamba data zikipitia mikononi mwa huyu, zinaweza kuaminiwa na watu wasiokuwepo. Na kama betri ulisahau kuichaji wewe, sema siku hiyo hiyo. Msimamizi anayegundua mwenyewe mwezi mmoja baadaye, wakati wa uchambuzi, hatakuandikia barua ya moto hata ukimpigia magoti.

Kujitegemea hueleweka vibaya. Kuna anayepiga simu kila baada ya dakika kumi, na kuna anayekaa na tatizo wiki mbili kwa aibu. Ukikwama, jipe muda maalumu, labda nusu siku kwa programu ya takwimu inayogoma, halafu nenda ukiwa na mambo matatu: nilijaribu hiki, kikatokea hiki, nafikiria njia hizi mbili. Mara nyingi utalipata jibu ukiwa unayaandika.

Kuhusu watu, nitasema kwa ufupi. Wahadhiri huwauliza mafundi sanifu. Huwauliza pia madereva wa safari za utafiti, walinzi wa maabara na wanafunzi wa uzamivu uliokuwa ukishiriki nao meza. Aliyeacha vyombo vichafu hujulikana. Aliyemsalimia mzee mwenye shamba, akamweleza udongo wake unachukuliwa kwa ajili gani na akarudi baadaye kumpa majibu, naye hujulikana.

Uandishi nao huonekana katika rasimu ya pili, wala si ya kwanza. Ukirudishiwa tasnifu imejaa wino mwekundu, irudishe kila maoni yakiwa yamejibiwa, hata yale unayoyapinga, ukieleza kwa nini unayapinga. Wanaorudisha rasimu yenye maoni yale yale yasiyoguswa ni wengi kuliko unavyodhani.

Adabu peke yake

Barua zetu za Afrika Mashariki zina tabia moja inayotuumiza: husifu utiifu. Mtiifu, mpole, mcha Mungu, anaheshimu wakubwa. Nyumbani sifa hizi zina uzito, nami sizibezi. Ila msomaji wa kamati ya uzamivu huko Uholanzi au Kanada akikuta barua nzima imejaa hizo, atahisi kwamba mwandishi hakupata la kusema juu ya akili ya mwombaji. Utiifu wenyewe, katika kazi ya utafiti, si sifa inayotafutwa. Wanatafuta mtu atakayemwambia profesa kwa heshima kwamba grafu yake ina kasoro.

Kwa wasichana tatizo hili ni kubwa zaidi, na si kwetu tu. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kwa ajili ya waombaji wa kazi ya uhadhiri katika chuo kimoja cha tiba cha Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi kwa wastani, zilisifu zaidi bidii na ufundishaji wao, ilhali za wanaume zilitaja zaidi utafiti wao. Waandishi wa barua hizo huenda hawakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana dada anayeomba barua asiogope kumkumbusha mwalimu mambo yenyewe: nilibuni dodoso, niliandika msimbo wa uchambuzi, niligundua kwamba kipimo cha pH kilikuwa hakijasawazishwa.

Nani umwombe, na umwombeje

Usimfuate mwenye cheo. Barua ya mkuu wa chuo, mbunge au waziri asiyekujua ni karatasi nzuri yenye nembo nzuri. Mhadhiri msaidizi aliyekaa nawe maabara miezi mitatu ana zaidi ya kusema. Kama fomu inadai profesa, mwombe profesa wa kundi hilo, na mwombe pia mhadhiri msaidizi amwandikie maelezo ya kazi yako. Barua ya namna hiyo inaweza kusainiwa na wote wawili, kila mmoja akieleza anakujua kwa kiasi gani.

Omba mapema, angalau wiki nne kabla, na usiombe kwenye korido mwalimu akiwa amebeba karatasi za mitihani. Ujumbe mfupi unatosha:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni fulani, niliyefanya mradi wa mwani chini yako mwaka jana. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo fulani. Barua inatakiwa kabla ya tarehe 15 Januari. Je, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu? Kama la, nitaelewa kabisa, na nitashukuru kuambiwa."

Swali hilo la mwisho ndilo muhimu. Linampa mwalimu mlango wa kutokea kwa heshima. Akijibu "tutaona", "nikumbushe baadaye" au akanyamaza, chukulia kwamba amekataa, mshukuru, utafute mwingine. Barua iliyotolewa kwa kusukumwa hujulikana kwa ubaridi wake.

Akikubali, mpelekee kila kitu kwa pamoja: wasifu wako, matokeo, andiko lako la maombi, kiungo cha fomu, na ukurasa mmoja wa mambo mliyofanya pamoja. Ukurasa huo ndio wa thamani kuliko vyote. Usiandike "nina bidii". Andika "mwezi Machi mtego namba 4 ulipoleta namba ndogo, nilirudi nikakuta betri imekufa, tuliondoa usiku mbili kwenye uchambuzi". Mwalimu ana wanafunzi wengi na kumbukumbu ya kawaida ya binadamu. Mweleze pia saa ya mwisho kwa saa za hapa. Fomu inayofungwa dakika moja kabla ya usiku wa manane New York mwezi Desemba inafungwa saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata Nairobi na Dar es Salaam. Mwombe atumie anwani ya barua pepe ya chuo, kwa kuwa mifumo mingi huitilia shaka anwani ya kawaida. Kwenye fomu za Marekani utaulizwa kama unaacha haki yako ya kuisoma barua, haki iliyowekwa na sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Kwa kawaida kubali kuiacha. Barua ambayo mwombaji hawezi kuisoma huaminika zaidi, na kama unaogopa kilichomo, umemwomba mtu asiyefaa.

Sasa lile ambalo kila mwanafunzi wa kwetu atakutana nalo. Unamwomba mwalimu, anakujibu: "Andika mwenyewe, uniletee nisaini." Mara nyingi si uvivu, ana madarasa manne, vikao, na barua nyingine kumi na mbili. Hata hivyo usikubali haraka. Fomu nyingi humtaka mwandishi athibitishe kwamba maneno ni yake, na akisaini, uongo huo umeutengeneza wewe. Kuna sababu ya kiutendaji pia: walimu wawili wakisaini barua mbili ulizoandika mwenyewe, zinakuwa na mwendo mmoja, misemo ile ile, hata makosa yale yale ya nukta, na wasomaji wazoefu huona. Zaidi ya hayo, kijana akijiandikia hujisifu kwa maneno makubwa matupu, kwa kuwa hajui mwalimu alivutiwa na nini hasa. Jibu kwa upole: "Nashukuru sana Dokta. Nikijiandikia naogopa itasomeka kama ya kujisifu. Naomba nikuletee ukurasa wa mambo niliyofanya na tarehe zake, kisha uchukue utakayoona yanafaa. Nikupigie lini tuzungumze dakika kumi?" Dakika hizo kumi humfanya akumbuke, na mwalimu aliyekumbuka huandika. Akishikilia msimamo wake, na muda ukiruhusu, tafuta mwingine. Muda usiporuhusu, mpe mambo yaliyotokea tu, bila sifa hata moja, na umwachie yeye hukumu na sentensi zake.

Siku saba kabla ya mwisho mkumbushe mara moja. Siku mbili kabla, mara ya pili, kwa simu. Usimtumie ujumbe wa sauti wa dakika tano.

Majibu yakitoka, mwambie, hata ukikosa. Wanafunzi wengi hutoweka wakikosa, wakidhani wamemwaibisha mwalimu, ilhali yeye anajua vyema kwamba nafasi za ufadhili ni chache na wanaostahili ni wengi. Barua aliyokuandikia bado iko kwenye kompyuta yake, na mwakani itahitaji tarehe mpya na aya moja ya nyongeza. Mpelekee cha kujaza aya hiyo: bango uliloonyesha kwenye mkutano, miezi sita uliyojitolea kwenye kituo cha utafiti, au lile jedwali la tasnifu ulilorudi kulisahihisha baada ya kuhitimu kwa kuwa uligundua safu moja ilikuwa na kosa.